Kunguru wa Minara: Ndege Aishiye kwa Sauti ya Wenzake

Katika misioni zetu nyingi kunguru ni jirani wa kila siku. Huyu wetu mwenye kifua cheupe, ambaye watu wa elimu wanamwita kwa Kilatini Corvus albus, anatembea katika uwanja wa kanisa kama mtu mwenye haki yake. Anamnyakua kifaranga wa Masista, anaokota kipande cha mkate kilichoangushwa na mtoto, kisha anapanda juu ya paa na kupiga kelele. Watoto wa katekismu wanamtupia mawe. Wazee wengine wanasema ya kwamba analeta habari mbaya. Na sisi wapadri, tunaposoma katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 12, ya kwamba Bwana wetu aliwaagiza wanafunzi wake wawatazame kunguru, tunasoma na kupita. Mara ngapi tumesimama kweli tukatazama?

Katika makala hii tunataka kutazama. Tumemchagua ndugu mmoja mdogo wa kunguru wetu, anayekaa Ulaya, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndege huyu anapenda kukaa na wenzake wengi, na tangu karibu miaka mia moja watu wa elimu wamemchunguza kwa uvumilivu mkubwa, wakimtia pete mguuni ili wamjue kila mmoja. Ya pili, nyumba yake ni mara nyingi mnara wa kanisa. Wenzetu waliokwenda kusoma Louvain au Roma labda walimsikia asubuhi mbele ya Misa, wasijue ni nani.

I. Jina lake na sura yake

Wafaransa wanamwita choucas. Sisi, kwa kuwa hatuna jina lake katika lugha yetu, tutamwita kunguru wa minara. Linnaeus, yule mtu wa Uswidi aliyepanga majina ya viumbe, alimwandika mwaka 1758 kwa jina la Corvus monedula. Siku hizi wengi wanamtenga kidogo na kunguru wengine na kumwandika Coloeus monedula. Wafratri wanaosoma Kilatini wanaweza kumkuta katika Metamorphoses ya Ovidius, pale anapoeleza habari ya mwanamke Arne, aliyeuza nchi yake kwa ajili ya dhahabu, akageuzwa kuwa monedula. Hiyo ni hadithi ya wapagani, lakini inatuonyesha kwamba hata zamani ndege huyu alikuwa na jina baya. Alisemwa kuwa mwizi mbele ya mtu yeyote kumchunguza. Jambo hili tutalirudia mwishoni.

Ni mdogo. Urefu wake ni sentimeta 34 hivi, karibu sawa na njiwa, wakati kunguru wetu mwenye kifua cheupe anafika karibu sentimeta 50. Uzito wake ni robo ya kilo au pungufu kidogo. Mwili ni mweusi. Nyuma ya kichwa na shingoni ana rangi ya majivu, kama mzee aliyeanza kuota mvi. Jicho lake ndilo la kushangaza: kunguru wengi wana macho meusi, lakini la huyu ni jeupe, na linaonekana kutoka mbali. Sauti yake ni fupi na kali: chak! chak!

Anakaa katika karibu nchi zote za Ulaya na kuendelea hadi katikati ya Asia; wako pia wachache Moroko na Algeria. Kusini ya jangwa la Sahara hayuko. Lakini jamaa yake tunayo hapa kwetu Kongo: kunguru tuliyemtaja, yule mkubwa wa milima ya mashariki, mwenye alama nyeupe nyuma ya shingo, Corvus albicollis, na katika mbuga za kaskazini yule mweusi mwenye mkia mrefu, Ptilostomus afer, anayetembea kwa makundi katikati ya ng’ombe na kupanda migongoni mwao. Kunguru wa minara naye anafanya hivyo kwa kondoo: anasimama juu ya mgongo, anaokota kupe, tena ananyonyoa manyoya kidogo ya kutandika katika kiota chake. Chakula chake kingine ni wadudu na minyoo ya majani, nafaka, matunda, na mabaki ya mezani kwa watu.

II. Nyumba yake

Kunguru wa minara hajui kutoboa shimo. Anatafuta lililokwisha kuwapo: pango dogo katika mwamba, tundu la mti mzee, bomba la kutolea moshi katika nyumba ambayo moto hauwaki tena, au tundu la mnara. Kazi yake ya kujenga inachekesha. Analeta kijiti, anakiangusha ndani ya shimo. Kikianguka hadi chini, analeta kingine, na kingine tena, hata siku moja kijiti kimoja kinakwama. Juu ya hicho anaendelea kupanga vingine, na mwishoni anatandika manyoya na vitu laini. Wenye nyumba Ulaya wanajua taabu hiyo: wanawasha moto siku ya baridi ya kwanza, na moshi wote unarudi sebuleni, kwa sababu bomba limejaa vijiti.

Kwa kuwa mnara mmoja una matundu mengi, ndege wengi wanakuja kukaa pamoja, na hivyo kijiji kinazaliwa. Lakini matundu hayatoshi kwa wote, basi ugomvi nao unazaliwa. Mtu anayefikiri kwamba kuishi pamoja maana yake ni amani ya siku zote, atazame mnara huo mwezi wa tatu: jirani anaingia kwa jirani, wanapigana kwa midomo na makucha. Hapa tunaanza kufahamu faida ya lile jicho jeupe. Mwaka 2014 wachunguzi wa Uingereza walitoa habari ya jambo walilolijaribu: walitia katika masanduku ya viota picha za macho ya kunguru wa minara. Mgeni aliyekuja kuchungulia, akiona jicho jeupe gizani, aliogopa kuingia. Jicho linasema: nyumba ina mwenyewe.

III. Ndoa yake

Wakatekista wanaofundisha wachumba watapenda sehemu hii. Lakini tunawaomba waisome yote, wasiishie katikati.

Mwanzoni vijana wanapeana chakula na wenzao wengi. Mmoja anapata kitu kitamu, anakichukua kwa mdomo wake na kumpa mwenzake. Polepole mkono unafungwa, kama tungesema kwa binadamu: anaacha kuwapa wote, anampa mmoja tu. Huyo mmoja ndiye atakayekuwa mwenzi wake. Uchumba huo unaweza kuanza katika mwaka wa kwanza, na kwa kawaida wanazaa wakifika miaka miwili hivi. Tangu hapo wanatembea wawili, wanakula wawili, wanapangana manyoya ya kichwa. Hata katika kundi la mamia linaloruka angani, mtu akitazama vizuri anaona ndege wawili wawili karibu karibu. Kwa kawaida ni kifo tu kinachowatenganisha.

Mwezi wa nne au wa tano jike anataga mayai manne, matano, au sita, ya rangi ya maji ya bahari yenye madoadoa. Analalia peke yake siku 17 au 18, na dume anamletea chakula wakati wote huo. Kisha wote wawili wanalisha makinda kwa muda wa mwezi mmoja hivi mbele ya kuruka.

Mwaka 2000 watu wa elimu Uingereza walitoa habari ya namna walivyopima damu ya makinda na ya wazazi ili kujua baba wa kweli ni nani. Katika ndege wengi wa jamii nyingine wanaokaa wawili wawili, kipimo hicho kimeonyesha mara nyingi kwamba baadhi ya makinda ni ya jirani. Kwa kunguru wa minara haikuwa hivyo: makinda yalikuwa ya baba na mama wa kiota. Habari hii ilienea, na tunafahamu kwa nini mhubiri anaweza kuipenda.

Lakini inabaki sehemu ya pili. Mwaka 2020 wachunguzi huko Ujerumani, waliotia vyombo vya kupiga picha ndani ya viota, walieleza mambo waliyoyaona: jike akiwa amelalia mayai, mara nyingi dume mwingine anaingia na kumshika kwa nguvu. Makinda yanabaki karibu yote ya baba wa kiota, lakini mlango wa nyumba haukuwa na amani. Tena kuna jambo la njaa. Jike anaanza kulalia mbele ya kumaliza kutaga, kwa hiyo makinda hayatoki siku moja. La mwisho linazaliwa likiwa dogo kuliko ndugu zake. Chakula kikitosha, linapona. Chakula kikikosa, wakubwa wanapokea na mdogo anakufa katikati yao, na wazazi wanaendelea kulisha midomo inayofunguka zaidi.

Basi tufanye nini? Tusimgeuze ndege kuwa mtakatifu. Uaminifu wake ni wa asili, hakuapa mbele ya altare. Na ukali wake ni wa asili, hakutenda dhambi. Padri anayetaja nusu moja tu ya habari atakutana siku moja na mwanafunzi wa sekondari aliyesoma nusu ya pili. Kijana huyo atasema moyoni: padri amenidanganya juu ya ndege, je, juu ya mambo mengine?

IV. Cheo katika kundi

Mtu aliyefungua mlango wa elimu hii ni Konrad Lorenz, aliyezaliwa Vienna mwaka 1903. Katika miaka ya 1920 na 1930, nyumbani kwa baba yake huko Altenberg, karibu na mto Danube, alilea kunguru wa minara juu kwenye dari, chini ya paa. Wa kwanza alimnunua dukani, akampa jina la Tschok kwa kuifuata sauti yake. Baadaye alilea kundi zima, akaliacha liruke huru, likirudi kulala kwake. Kitabu chake cha mwaka 1949 kilichosimulia habari hizo kilisomwa katika lugha nyingi, na mwaka 1973 alipewa zawadi ya Nobel pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen.

Lorenz aliona kwamba kila ndege katika kundi ana cheo chake. Wa kwanza anamfukuza wa pili, wa pili anamfukuza wa tatu, na hivyo hadi chini. Wenye vyeo vinavyokaribiana ndio wanaogombana zaidi. Wale wa juu kabisa hawashughuliki na wa chini kabisa. Hata mara nyingine, wadogo wakigombania tundu, mkubwa anaingia katikati, na anayepata faida ni yule dhaifu. Tena aliona kwamba jike wa cheo cha chini akichaguliwa na dume wa cheo cha juu, anapanda naye. Kwa muda mfupi kundi lote linajua, na wale waliokuwa wakimchokoza jana wanampisha leo.

Wasomaji watatabasamu, wakikumbuka watu wanaowajua. Sisi pia tulitabasamu. Lakini tuendelee, maana jambo kubwa zaidi liko mbele.

V. Sauti

Siku moja Lorenz alirudi kutoka kuoga mtoni. Akatoa mfukoni nguo yake nyeusi ya kuogea, ikiwa bado na maji, ikining’inia mkononi. Mara moja kundi lote likamzunguka kwa kelele kali na kumshambulia. Ndege hao walikuwa wanamjua tangu utoto wao! Lakini mkono wake ulikuwa umeshika kitu cheusi kinachopepea, kama kunguru aliyekamatwa. Lorenz alifahamu baadaye kwamba anaweza kushika kitu kingine cheusi kisichopepea, na hakuna anayepiga kelele. Tena alifahamu kwamba mtu akipigiwa kelele hizo mara mbili tatu, amekwisha kuwa adui. Hata akija mikono mitupu, wanampigia kelele; na vijana ambao hawakuona kisa cha kwanza wanajifunza kwa wakubwa wao kwamba mtu huyo ni mbaya.

Miaka ya karibuni, Alex Thornton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter wamechunguza jambo hilo katika Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, ambako kunguru wa minara wanakaa katika masanduku ya mbao yaliyotundikwa kwa ajili yao. Tutaeleza mambo manne waliyoyaona.

La kwanza. Mtu asiyejulikana alikaribia kiota, na wakati huohuo kipaza sauti kilichofichwa kilitoa kelele za hatari za kunguru. Mtu mwingine alikaribia, na kipaza sauti kikatoa sauti za kawaida za kuitana. Wote wawili hawakufanya ubaya wowote. Walipokuja tena, bila sauti yoyote, ndege waliosikia kelele za hatari juu ya mtu fulani walirudi upesi zaidi kwenye kiota wakati mtu yuleyule alipokaribia. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2019. Maana yake: kunguru wa minara anaweza kumhesabu mtu kuwa hatari kwa kusikia tu.

La pili. Mwaka huohuo walieleza kwamba ndege anahesabu sauti. Kelele za mmoja zinaleta wachache. Kelele za watatu zinaleta zaidi. Kelele za watano zinaleta wengi zaidi.

La tatu. Tena anapima ni nani anayepiga kelele. Sauti ya mwenyeji wa kijiji inafuatwa kuliko sauti ya mgeni.

La nne ni zuri sana. Wakati wa baridi ndege hawa wanalala pamoja katika miti, mamia kwa mamia, hata zaidi ya elfu. Asubuhi, giza likiwa bado halijaondoka vizuri, mmoja anaanza kuita, kisha mwingine, na sauti zinazidi na kuzidi. Zikifika kadiri fulani, kundi lote linaruka pamoja, kwa nukta chache tu, kama moshi mweusi unaopaa. Mvua au mawingu mazito yanawachelewesha. Wachunguzi waliwasikilizisha sauti zilizonaswa katika mashini, na kundi likaondoka mapema, kwa wastani dakika sita na nusu mbele ya saa ambayo lingeondoka. Walitoa habari hiyo mwaka 2022, na wakasema ni kama kupiga kura: kila sauti ni kura, na zikitosha, shauri limekatwa. Hakuna mkubwa anayeamuru.

Sasa tuone hekima ya mambo hayo. Kunguru mmoja wa minara ni mnyonge mbele ya mwewe. Mia moja wakiruka pamoja, mwewe anashindwa kumchagua mmoja. Kinda la mwaka mmoja halijaona paka akila ndege, wala halina muda wa kungoja kuona, likingoja, litaliwa. Basi Muumba alimpa ndege huyu njia fupi: amini sauti ya wenzako. Akiamini sauti ya uongo, hasara yake ni ndogo: ameruka bure, amepoteza dakika chache. Akikosa kuamini sauti ya kweli, hasara yake ni uhai wake. Kwa hesabu hiyo, kwake kuamini upesi ni akili.

Tena si kila kitu anakitoa kwa kundi. Mwaka 2023 wachunguzi haohao walieleza namna walivyowagawanya ndege katika mafungu mawili kwa alama za pete. Aliyekwenda kula pamoja na mwenzake wa fungu lake alipata wadudu watamu. Aliyekwenda na wa fungu lingine alipata nafaka tu. Ndege walifahamu upesi, wakabadili marafiki kwa ajili ya chakula. Lakini mwenzi wao, watoto wao na ndugu zao hawakuwaacha, hata kama kukaa nao kulileta hasara ya tumbo. Rafiki wa kula anabadilishwa. Wa nyumbani habadilishwi.

VI. Ndege hawezi kuuliza

Tumefika kwenye neno tulilotaka kusema. Kunguru wa minara anapima mambo mawili katika sauti: ni nani anayesema, na ni wangapi wanaosema. Jambo la tatu halipimi, wala hawezi: je, ni kweli? Yule mtu wa Cornwall hakugusa kiota. Lorenz hakukamata ndege; alikuwa na nguo mbichi mkononi. Lakini kelele zikishapigwa, hakuna kunguru anayesimama katikati ya wenzake na kuuliza: umeona nini?

Mwanadamu anaweza kuuliza. Hiyo ndiyo tofauti. Tena kwa mwanadamu hesabu inageuka: ndege akiamini uongo anapoteza dakika chache, lakini sisi tukiamini uongo, anayepotea ni mtu.

Tunasema hivi kwa kuwa tunajua yanayotendeka katika sehemu nyingi za nchi yetu. Mtoto anakufa ghafla katika jamaa. Mbele ya siku arobaini kwisha, jina linaanza kutembea. Mmoja analisema kwa sauti ndogo kisimani. Wa pili analisema sokoni, kwa sababu alilisikia kisimani. Wa tatu ni mtu mwenye heshima, labda mkubwa wa shirika katika mtaa, na neno lake lina uzito. Wakifika watano, kijiji kinaruka chote kwa mara moja. Mjane mzee anachomewa nyumba. Au mtoto wa miaka minane, ambaye kosa lake ni kukojoa kitandani na kuota ndoto mbaya, anaitwa mlozi na anafukuzwa. Tunamkuta usiku chini ya meza za soko la mji. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ya ulinzi wa mtoto, inamwadhibu mtu anayemshitaki mtoto kuwa mlozi. Sheria ni nzuri. Lakini sheria inafika baada ya kelele, na sisi tuko pale kelele zinapoanza.

Wala mtu asidhani kwamba elimu peke yake inatosha kumlinda. Lorenz, aliyeona mbele ya wengine jinsi kundi linavyomfanya mtu kuwa adui, mwaka 1938 aliingia mwenyewe katika chama cha Wanazi, na akaandika maneno yaliyofuatana na mafundisho yao mabaya juu ya damu na ukoo. Baadaye alisema kwamba anajuta kuyaandika. Tunataja jambo hili kwa ajili yetu, tusije tukamhukumu kwa furaha. Alijua kuwasikiliza ndege juu ya dari. Nje, barabarani, kundi la watu lilipopiga kelele, alipiga naye.

Maandiko yametupa mfano ulio kinyume. Katika kitabu cha Danieli, sura ya 13, Susana anasingiziwa na wazee wawili. Tupime kama kunguru: ni nani wanaosema? Wazee, waamuzi wa watu. Ni wangapi? Wawili, hesabu ile ambayo Sheria ya Musa inataka. Mkutano wote unaamini, na mwanamke anapelekwa kuuawa. Ndipo kijana mmoja anakataa kutia sauti yake katika sauti zao. Hakuwa na nguvu, hakuwa na cheo. Alifanya jambo moja dogo: aliwatenga wale wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake, ni chini ya mti gani? Mmoja alitaja mti huu, mwingine alitaja mti ule. Swali moja liliokoa uhai.

Basi, ndugu wakatekista, ninyi ndio mnaoamka karibu na watu kuliko sisi. Jina likianza kutembea, mnalisikia mbele ya padri. Mwulize yule anayekuletea: wewe mwenyewe uliona, au ulisikia? Ukisikia, kwa nani? Na yule anayesemwa, je, kuna mtu aliyekaa naye akamsikiliza? Mkiuliza hivyo kwa upole, bila kumwaibisha mtu, mtaona mara nyingi kwamba watu watano wanaosema ni mtu mmoja tu aliyesikiwa mara tano.

Nanyi wafratri, mazoezi yenu yanaanza katika seminari yenyewe. Katika chumba cha kulia, jina la mwenzenu likipita mezani na kila mmoja akiliongezea kidogo, mko katika mti ule wa Cornwall mbele ya jua kutoka. Anayenyamaza wakati huo ameondoa sauti moja. Anayeuliza anaweza kulizuia kundi lote lisiruke.

Kesho asubuhi, mtakapotoka katika Misa, kunguru wetu mwenye kifua cheupe atakuwa juu ya paa kama kawaida yake. Mtazameni kidogo. Akipiga kelele na wenzake wakamjibu, mjue kwamba wanafanya vema, maana wanafuata sheria waliyopewa. Yetu ni nyingine.